Maoni Pembeni mwa Daftari la Babu

Ukoo wetu una daftari la historia aliloliacha marehemu babu. Mwaka jana tulilichapa lote, tukaliweka kwenye programu huria, ile ambayo watu wengi mnasoma maandishi yale yale mtandaoni na kila mmoja anaandika maoni yake pembeni, ya kuonwa na wote au na yeye tu. Wa Njiro, wa Tengeru, hata walioko Dar, wote tumo. Mimi ni mwalimu. Kuchorachora pembeni mwa kitabu ni ugonjwa wangu wa siku zote.

Babu aliandika kwamba baba mkubwa ndiye mtoto wake wa kwanza. Nikaandika pembeni: "Si kweli. Bibi alimwambia mama yangu kwamba aliolewa akiwa na mimba ya mtu mwingine." Nilikuwa najiandikia mwenyewe, nisije nikasahau. Basi. Nikaweka simu chini, nikaenda kuchuma mboga.

Kesho yake, saa ya chai shuleni, ndipo nilipoona neno dogo juu ya maoni yangu: "Wote". Siyo "Mimi tu". Wote! Yesu wangu! Chai ikanimwagikia mapajani, wala sikusikia ikiniunguza. Baba mkubwa ndiye mwenyekiti wa ukoo. Ndiye anayetubariki tukiolewa. Miaka sabini na kitu anajijua ni mtoto wa babu, leo aje aambiwe na mimi, kimbelembele, mbele ya ukoo mzima?

Niliogopa, nasema kweli. Niliogopa laana yake, nikaogopa zaidi kuuona uso wake. Nikafungua ukurasa ili nifute, mtandao ukazunguka, ukazunguka. Mwalimu mwenzangu akaniuliza kama nimefiwa.

"Niache, bwana!" nikamfokea.

Ukurasa ulipofunguka, chini ya maneno yangu kulikuwa na jibu. La baba mkubwa. Nikailaza simu mezani, nikasoma.

"Mwanangu, najua. Mama yangu aliniambia kabla hajafa. Babu yako naye alijua tangu siku anamwoa. Alinilea kama wake, inatosha. Futa haraka, wanangu wasione."

Nilishusha pumzi, machozi yakanitoka. Nikapeleka kidole nifute.

Chini ya jibu lake kulikuwa na jingine, la dakika mbili zilizopita. Aliyeandika ni binti yake mkubwa, na aliandika neno moja tu.

"Baba?"