Gemu Isiyo na Sauti

Nilisikia sauti ya ile gemu kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi na minane, Kajiado mjini, katika chumba cha kompyuta nilikokuwa najifunza kupiga chapa. Ajabu ni kwamba nilikuwa nimeicheza tangu nikiwa na miaka kumi na mmoja. Nilijua mapango yake yote, nilijua adui gani anatokea wapi, na nilijua mahali pa kujibanza akipita. Nilichokuwa sijui ni kwamba ina muziki. Kwetu Kitengela tuliicheza ikiwa bubu, na ilikuwa bubu kwa sababu ya dada yangu.

Tulikuwa tumepanga nyumba ya mawe yenye choo chake ndani, jambo ambalo Baba hakuacha kulitaja mbele ya wageni. Baba alikuwa karani kwenye kiwanda kimoja upande wa Athi River, na siku ya Jumapili alikuwa mzee wa kanisa. Mama alibaki kwetu magharibi na shamba, tukamwona Desemba akija na magunia ya mahindi. Dada alikuwa kidato cha nne, shule ya bweni. Mwaka huo, Februari, alirudi nyumbani na sanduku lake na barua ya mwalimu mkuu. Alikuwa mjamzito. Baba aliisoma ile barua akiwa amesimama, akaikunja, akaomba chai.

Kesho yake majirani waliambiwa kwamba dada alikuwa mgonjwa kidogo na sasa amerudi shuleni. Hakuwa amerudi popote. Alikuwa sebuleni, mapazia yamevutwa, na hapo ndipo alipokaa miezi mitano.

Ufunguo nilipewa mimi. Baba aliutia kwenye kamba ya kiatu akanivisha shingoni, ndani ya sare ya shule. Mlango wetu ulikuwa wa chuma, wenye tundu la kupitisha mkono, ile milango ambayo ukiwa ndani unaweza kutoa mkono ukafunga kufuli kwa nje. Anayepita akiona kufuli anajua hakuna mtu. Amri ilikuwa hivyo: niwe ndani, niwe nje, kufuli likae nje limefungwa. Baba aliniambia kwamba dada akionekana na mtu yeyote, hatamuuliza yeye, ataniuliza mimi. Nami nilijua Baba akiuliza huwa anauliza na mshipi.

Nisiseme uongo, nilijiona mkubwa. Mtoto wa darasa la sita, nimekabidhiwa nyumba na mtu ndani yake. Asubuhi nilimfungia dada, saa ya chakula nikaja kumwona, jioni nikarudi. Njiani nilikuwa naugusa ule ufunguo kifuani kama mtu mwenye cheo.

Wiki hiyo hiyo Baba alitoka Nairobi na katoni chini ya kwapa. Ndani mlikuwa na gemu ya televisheni, vishikio viwili vyenye waya, na kaseti ya manjano. Huyu ni mtu aliyekuwa akisema kwamba michezo ya aina hiyo inalisha watoto wa watu ujinga. Aliiunganisha mwenyewe, akijikwaa kwenye nyaya, hakumtazama dada hata mara moja. Kisha akapunguza sauti ya televisheni hadi mwisho, akang'oa kile kifundo cha sauti na kukitia mfukoni. Nyumba iliyofungwa kufuli haiwezi kuwa inapiga muziki.

Maandishi ya gemu yalikuwa ya Kichina, kwa hiyo hatukuwahi kujua jina lake. Tuliiita ile ya ndege. Ndege ndogo ya angani inaruka kutoka kushoto kwenda kulia kati ya nyota, ikimiminia risasi kila kinachokuja. Kurudi hakuna. Hata kusimama hakuna, maana skrini yenyewe inatembea, na ukizubaa ukingo wa kushoto unakufikia na kuanza kukusukuma. Kama mbele yako kuna mwamba, umeisha. Wachezaji ni wawili kwa pamoja. Dada alikuwa na ndege ya buluu, mimi nyekundu. Kila mmoja alianza na maisha matano, na hesabu yake ilikaa juu ya skrini, ya dada kushoto na yangu kulia.

Hatua ya tatu ilikuwa pango lenye kuta za waridi zinazobana na kuachia. Dada aliiita hatua ya matumbo. Siku aliyoipa jina hilo alishika tumbo lake akacheka, akachukua mto wa kiti akajiziba mdomo ili kicheko kisitoke nje. Nami nikajiziba na wangu. Tulicheka hivyo mpaka machozi yakatoka, na hata panya angepita asingejua kuna watu.

Kulikuwa na mama wa Kimaasai aliyetuletea maziwa jioni. Alisimama mlangoni, akanisalimu sopa, nami nikaitikia epa na kutoa sufuria kupitia lile tundu. Baada ya wiki kadhaa alianza kuongeza kikombe juu ya kipimo, bila kuulizwa na bila kusema kitu. Nilipomwambia dada, aliyanywa yale maziwa polepole, kisha akaenda chumbani akalala.

Sasa nieleze siri yangu. Darasani kwetu kulikuwa na msichana aliyekuwa na kaseti kama yetu, naye alinifundisha jambo. Ukiishiwa, bonyeza vitufe viwili vyekundu kwa pamoja, na unachukua uhai mmoja wa mwenzako. Huombi, unachukua tu. Sikumwambia dada. Nilikuwa nachukua mmoja leo, mmoja kesho kutwa, na akishangaa mbona maisha yangu hayaishi nilijigamba kwamba ni ujuzi.

Mwezi wa nne rafiki wa dada wa shuleni, aliyejua kwamba amefukuzwa, alinipa barua njiani nimpelekee. Mwalimu mmoja wa Kajiado, aliyewahi kumfundisha dada, alikuwa tayari kumwandikisha afanye mtihani wa kidato cha nne pamoja na watahiniwa wake wa nje. Lakini lazima dada aende mwenyewe, atie sahihi kwa mkono wake, kabla ya saa tisa siku ya Ijumaa. Baada ya hapo orodha inafungwa.

Ijumaa hiyo nilirudi saa saba kasoro. Dada alikuwa amevaa sweta kubwa ya Mama, nywele zimechanwa, viatu miguuni. Sikuwa nimemwona na viatu tangu Februari. Mkononi alikuwa na bahasha ya vyeti vyake.

"Nifungulie," akasema. "Naenda naweka sahihi narudi. Saa kumi na moja niko hapa, Baba hawezi jua."

Alikuwa na miaka kumi na minane na mimi nilikuwa mifupa mitupu. Angenishika mkono mmoja akakata ile kamba shingoni kwangu, na mambo yangekwisha. Hakufanya hivyo. Aliomba, akasimama pale akingoja, kwa sababu alijua mgongo utakaolipa ni wangu.

Niliogopa. Ningesema ndiyo au ningesema la. Badala yake nikasema tucheze kwanza, na kwamba akiimaliza gemu nitafungua. Alikuwa ameshaimaliza mara mbili kwa hivyo haikuwa ahadi ya bure. Alitazama saa ya ukutani, akaweka bahasha juu ya televisheni, akakaa chini na viatu vyake.

Sijawahi kuona mtu akicheza vile. Mimi niliisha mapema, nusu kwa woga na nusu kwa makusudi. Yeye aliingia hatua ya matumbo na maisha manne, na hapo nikabonyeza vile vitufe viwili. Namba yake ikawa tatu, nami ndege niliyopata nikaigongesha ukutani. Hatua iliyofuata nikabonyeza tena. Kwenye lango la mwisho, lile jicho kubwa linalofunguka na kufumba, nikabonyeza mara ya tatu. Dada hakugeuza shingo. Alipiga lile jicho mpaka likageuka jekundu, ishara kwamba limebakiza kidogo, ndipo risasi moja ikampata. Ndege ya buluu ilipasuka bila sauti, na hakukuwa na nyingine ya kuja.

Alivua viatu, akavipanga chini ya kiti.

"Nenda shule," akasema. "Usichelewe."

Nilitoka, nikafunga kufuli. Na ukitaka kujua nilivyojisikia, nilikimbia mpaka shuleni nikiwa na furaha, kwa kuwa nilikuwa nimeepuka kuchapwa.

Mtoto alizaliwa Julai, msichana. Kanisa zima lilijua ndani ya wiki moja. Baba aliacha uzee wa kanisa kwa muda, watu wakasema walivyosema, kisha wakachoka wakatafuta habari nyingine. Yaani hata ile siri tuliyomfungia haikuwa na kazi. Dada hakurudi kwenye mtihani mwaka ule wala mwaka uliofuata. Baba alisema sasa ni zamu yangu kusoma. Dada akaenda Isinya na mtoto wake, akapata kazi ya kupanga waridi kwenye shamba la maua, na mimi nikasoma.

Ndipo nikafika Kajiado, kwenye ile kozi ya kompyuta. Mwenye chumba alikuwa ametia gemu za zamani kwenye mashine moja, na siku moja nikiwa nangoja zamu yangu niliona skrini yenye nyota, na ndege mbili, buluu na nyekundu. Rangi zilikuwa kali kuliko nilivyozikumbuka. Nilivaa vipokea sauti vya masikioni, na muziki ukaniingia kwa nguvu mpaka nikashtuka. Kumbe ulikuwa muziki wa kuchangamsha, karibu wa harusi. Nilicheza ndege zote mbili peke yangu, mkono wa kulia yangu, wa kushoto ya dada. Nikaiacha nyekundu iishe, kisha nikabonyeza vitufe viwili.

Ilitoa sauti. Noti mbili, moja ya juu na moja ya chini, kama kengele ya mlango. Nilivua vile vitu masikioni nikatoka nje, nikashika njia bila kujua naenda wapi, hadi nikajikuta nje ya ua wa shule ya yule mwalimu. Wasichana walikuwa wanafagia. Nilisimama pale nikijipa moyo kwa jambo moja. Kama Baba angeacha kile kifundo mahali pake, dada angesikia. Lakini hakukuwa na sauti, kwa hiyo hakujua, aliona ni bahati mbaya ya mchezo. Nilishikilia hilo kwa miaka.

Baadaye nikanunua simu, ile ndogo ya skrini ya kijivu, nayo ilikuwa na gemu ya aina hiyo hiyo. Ndege moja nyeusi inakwenda kulia, huna mwenzako. Niliicheza kwenye foleni ya benki, kwenye mikutano ya kazini, nikiwa mgonjwa kitandani. Nikifa nilianza upya mara moja. Wenzangu kazini walinitania kwamba nina mchumba ndani ya simu.

Miaka kumi na moja baada ya ile Ijumaa, nikiwa sokoni Kitengela, nilikuta mtu ameweka juu ya turubai gemu mpya za televisheni, na kati ya kaseti zake, ile ya manjano yenye picha ya ndege mbili. Niliinunua pamoja na gemu yenyewe bila kubishana bei. Jumamosi nikaipeleka Isinya.

Nyumba ya dada ni chumba na sebule. Jua likiwa juu huwa hafungi mlango. Vumbi la Isinya linaingia, linakaa juu ya kabati, juu ya vikombe, juu ya redio, naye anapangusa asubuhi na jioni, lakini mlango hagusi. Binti yake alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Dada alitazama ile kaseti, akaigeuza, akacheka kidogo. Vidole vyake vilikuwa na makovu ya miiba. Aliunganisha nyaya mwenyewe, akaweka sauti juu kabisa, mpaka jirani akachungulia.

Tulicheza. Hakuwa amesahau kitu. Kwenye hatua ya matumbo mimi niliisha, kama kawaida yangu, nikaweka kishikio mapajani. Yeye alikuwa na maisha manne.

"Si ukope," akasema, macho kwenye skrini. "Vile ulikuwa unakopa."

Nilimuuliza kama alikuwa anajua.

"Namba ziko hapo juu. Nne, tatu, mbili. Ningekosa kuziona aje?"

"Na mbona hukuniambia?"

Alipita kati ya kuta mbili zilizokuwa zinabana, taratibu, bila kugusa.

"Nilikuwa nimekuuliza kama utanifungulia," akasema. "Ukanijibu."

Hakusema kwa hasira. Ningependa angekasirika, ningejua la kufanya na hasira. Nilitaka kuomba msamaha na nilijua maneno, nilikuwa nimeyapanga tangu Kajiado, lakini yote yalikuwa maneno ya kumweleza mtu asiyejua. Vidole vyangu vilikuwa juu ya vile vitufe viwili vyekundu. Sikubonyeza. Mlango ulikuwa wazi mkono wangu wa kushoto, nje watu wanapita na mitungi ya maji, na sikuweza kuinuka pale nilipokaa. Dada aliendelea peke yake, na muziki wake wa harusi, mpaka kwenye lile jicho, akalipiga likafa, na maandishi ya Kichina yakaanza kupanda. Aliyatazama mpaka yakaisha. Kisha akaniuliza kama nitakunywa chai.