Ahmada Achagua Buibui

Kuna watu hawakai, halafu kuna Ahmada. Huyu bwana, mzaliwa wa Wete kisiwani Pemba na mkaazi wa Makorora tangu hajaota ndevu, alifanya kazi ya uwakala wa forodha pale Horohoro, mpakani, miaka ishirini na sita. Kazi yenyewe ni kukimbia na makaratasi ya watu kutoka dirisha hili hadi lile, kutoka lori hili hadi lile, jua linamchoma utosini. Chakula alikula amesimama. Chai aliinywa anatembea. Ukimsalimia, jibu lako ulilipata akiwa ameshakupita hatua tatu.

Mwaka jana, siku chache baada ya Idi, akaanguka palepale mpakani katikati ya malori mawili. Mkono wa kushoto ukafa ganzi siku mbili nzima. Daktari akamwambia presha imepanda vibaya, kazi ya mbio sasa basi, akae nyumbani atulie. Kazi Ahmada aliiacha. Kutulia ndiko kulikomshinda.

Weee, Tuhfa mkewe alikiona cha moto! Mwanamke aliyezoea jiko lake na redio yake, ghafla kapata msimamizi. Ahmada alipanga upya sufuria zote kwa ukubwa. Alimfundisha muuza mchicha namna ya kufunga mafungu, mpaka muuza mchicha akahamia mtaa wa pili. Alipanda darini kumtafuta panya ambaye hakuna aliyemsikia ila yeye. Kutwa ni barazani na ndani, ndani na barazani, na kila akirudi anahema kama mtu aliyekimbizwa. Kisha akaanza kuzungumza na simu chinichini. Tuhfa hakuhitaji kuambiwa. Alijua mumewe anatafuta mlango wa kurudia Horohoro.

Siku moja akamvuta mkono, akamkalisha kwenye mkeka.

"Baba Nasima," akamwambia, "mie sikukaa na wewe miaka thelathini nije nikuzike kwa sababu umeshindwa kukaa kitako. Tafuta kitu kikuweke hapa nyumbani. Rajabu ikiisha bado unahangaika, mie nakwenda zangu Wete kwa kaka yangu. Sitokaa hapa nikingoja uanguke tena."

Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha Ahmada. Tuhfa akigomba, mambo huwa yameisha. Akisema taratibu, ujue keshaamua.

Nasima, binti yao aliyeolewa Dar es Salaam, ndiye aliyetoa shauri la kufuga. Wakajaribu paka. Paka alistahimili wiki mbili za kubebwa na kuwekwa chini, akahamia kwa jirani. Wakajaribu njiwa, Ahmada akawalisha mpaka wakawa wazito hata kurukia ukutani hawawezi. Hapo Nasima akatuma video ya buibui wakubwa wenye manyoya, wale wa kujaa kiganja, akaeleza kuwa wapo watu wanaowafuga kwenye makopo. Buibui hapigi kelele, hatoroki akifunikwa vizuri, na mlo wake ni mdudu mmoja kwa wiki. Ahmada akacheka sana. Kisha akaitazama tena ile video. Kisha tena.

Aliyedhaniwa atakataa ni Tuhfa, na hakukataa. Nyumbani kwake buibui hapigwi fagio, kwa heshima ya yule aliyetanda utando kwenye mlango wa pango, maadui wakapita bila kumwona Mtume. Utando ukizidi, mwenyewe anatolewa nje kwa kijiti, kwa adabu. Mumewe akitaka kumfuga mmoja, basi na amfuge, ilimradi amkalishe.

Anayewafuga hapa mjini ni mwalimu Godlisten, anayesomesha biolojia na kukaa Usagara. Ana kibali chake, na buibui wake wamezaliwa kwake, katika chumba cha uani. Ahmada alimwahi mlangoni mwalimu hata mkoba hajautua. Mwalimu akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba ya haraka haraka, wakaingia.

Mwalimu alikuwa na makopo matatu ya kumwonesha, na alikuwa mtu wa kueleza kituo kwa kituo. Wa kwanza alikuwa wa rangi ya machungwa, uzao wa milima ya Usambara, mzuri kupita kiasi. Lakini ana mbio na hasira, na aking'ata, maumivu yake si ya mchezo, kwa hiyo mtu anayeanza asimguse. Wa pili alikuwa jike wa kahawia, amekaa mdomoni mwa shimo lake kama mtu aliye barazani kwake. Huyo, mwalimu alisema, ndiye wa kuanzia, maana ni mzito na hana makuu. Wa tatu alikuwa dume mwembamba, miguu mirefu, anazunguka kopo bila kupumzika, anapapasa kuta kila upande.

"Sasa huyu wa tatu, mzee," mwalimu akaanza, "huyu nakuonesha tu ili ujue kwamba..."

Ahmada alikuwa ameshalibeba kopo. Kwake yeye jambo lilikuwa wazi. Miaka yote ile mpakani, dereva anayezunguka lori lake ndiye mwenye makaratasi kamili, yuko tayari kuondoka, mshughulikie huyo kwanza. Anayelala chini ya lori ana kasoro, muache. Yule jike aliyekaa tu mdomoni mwa shimo alimwona ana kasoro. Akashukuru, akafika mlangoni, akatoka.

Yule dume akampa jina la Dereva, akampenda kwa moyo wake wote. Kusema kweli walifanana. Dereva anazunguka kopo, Ahmada anazunguka meza iliyowekwa kopo, na Tuhfa anatazama kutoka jikoni, anatikisa kichwa. Nyumba sasa ilikuwa na wawili. Kilichomkosesha raha Ahmada ni kwamba mgeni wake hali. Alimtilia nyenje asubuhi, akamtoa. Akamtilia mende jioni, akamtoa. Alimbembeleza, alimhamisha kivulini, alimrudisha kwenye mwanga. Mtu wa Pemba mgeni wake akikataa chakula, na yeye chake hakishuki, na Ahmada akaanza kukonda kweli. Asubuhi alipompima presha kwa kile kipimo cha nyumbani, Tuhfa alikitazama, akakizima bila kumsomea.

Siku ya kumi na tisa, Ahmada aliporudi kutoka sala ya Ijumaa, Dereva alikuwa amekunja miguu yote chini ya tumbo. Alimgusa kwa unyoya wa kuku. Hakutikisika.

Ahmada alilia. Mtu mzima na kanzu yake alilia, na hakuona aibu. Kisha hofu ikamwingia, kwa kuwa Rajabu ilikuwa imebaki siku tisa, na yeye hakuwa amekaa hata siku moja. Akalikamata kopo, akatoka mbio. Tuhfa akajitanda kanga, akamfuata nyuma mpaka Usagara.

Mwalimu aliwakuta wamesimama uani. Ahmada hakungoja salamu, alimlaumu moja kwa moja kwamba amempa mgonjwa.

"Hakuwa mgonjwa, mzee," mwalimu akasema polepole. "Dume wa hawa akishapevuka hutoka shimoni, akawa hali wala hatulii. Anatembea tu. Anatembea mpaka anaisha. Nilikuwa nakueleza siku ile, ukawa umeshaondoka."

Ahmada alikuwa anakunja na kukunjua vidole vya mkono wa kushoto, na Tuhfa alikuwa anavitazama vidole vile.

Basi, kwa tabia ile ile ya kukimbilia dirisha linalofuata, Ahmada akaomba apewe yule wa rangi ya machungwa, leo hii, atajifunza naye. Tuhfa akampita, akaenda mpaka mezani.

"Mwalimu, katika hawa, yupi anaishi sana?"

"Huyu jike wa kahawia, mama. Ana miaka mitatu. Akitunzwa, kumi na mitano mingine, hata ishirini."

"Na anataka nini?"

"Udongo mkavu, maji kidogo, mdudu wake mmoja. Na mtu wa kukaa naye bila kumsumbua."

Tuhfa akalichukua lile kopo kwa mikono miwili, uso ameugeuzia pembeni, akampa mumewe.

"Ishirini?" Ahmada akauliza. "Mama Nasima, mie nina hamsini na tisa."

"Umri wako naujua. Mimi nawaogopa hawa, hata kopo silishiki tena. Kwa hiyo miaka yote hiyo atakuwa wako, na wewe utakuwepo."

Ahmada akamtazama mkewe, akalitazama kopo. Kulikuwa na benchi karibu na mlango. Akaenda akakaa, kopo magotini, na Tuhfa akaja akakaa pembeni yake.