Kamba ya Muuzaji

Mtu aliyenipeleka rumande ndiye mwenyewe aliyeniuzia fahali, katika soko la Chwele, mchana kweupe. Nilikuwa nimetoka kwetu Matisi, Kitale, kumtafutia mama ng'ombe wa kulima. Tulipopatana nilimfunga fahali kwa kamba yangu, naye akakunja yake akaenda nayo nyumbani. Ndivyo tunavyofanya: muuzaji haachi kamba, kwani ikienda, mifugo waliobaki huifuata.

Wiki iliyofuata polisi walinichukua mimi na fahali hadi Bungoma. Yule mtu alidai nimemwibia. Kumbe fahali alikuwa wa mahari ya mdogo wake. Ndugu zake walipouliza fahali aliko, aliona afadhali mimi niitwe mwizi.

Kituoni, askari mmoja alitia risiti yangu ya soko mfukoni mwake. Sikuiona tena. Mimi niliishia darasa la nane na huandika polepole, kwa hiyo akaniandikia maelezo yeye.

"Weka sahihi hapa."

"Naomba nisome kwanza, afande."

"Ati usome! Umekuwa wakili? Kubali tu, utapewa kifungo cha nje."

Nilisoma neno kwa neno. Alikuwa ameandika kwamba nimekiri. Nilikataa kutia sahihi, akanipiga kofi ambalo bado nalisikia.

Rumande, mzee mmoja mwenye kesi ya shamba aliniambia, "Kijana wangu, ni haki yako kupewa maandishi ya mashahidi. Muombe hakimu, usimuombe askari."

Mara ya kwanza mbele ya hakimu, aibu ilinifunga mdomo. Mara ya pili niliinua mkono, na hakimu akaamuru nipewe. Mlalamishi alikuwa ameandika kwamba fahali aliibwa sokoni akiwa na kamba shingoni. Nilikariri mstari huo kama sala.

Siku ya kesi alikuja na kamba ya katani, akaiinua juu.

"Mheshimiwa, ng'ombe ni wangu. Hata kamba yake hii hapa!"

Sikuwa na wakili. Hakimu aliniuliza kama nina swali. Nilimgeukia yule mtu.

"Siku aliyoibwa, alikuwa na kamba gani?"

"Si hii hii!"

"Sasa ilirudi kwako namna gani?"

Akaishusha kamba. Mama mmoja nyuma akacheka, "Aliuza huyo, bana!" Mahakama yote ikaangua kicheko.

Niliachiliwa, nikarudishiwa fahali wangu. Ningeweza kumpakia kwenye pikapu moja kwa moja hadi Kitale. Sikufanya hivyo. Nilimswaga kwa miguu hadi Chwele, nikasimama langoni kwa yule mtu mpaka ndugu zake wakatoka. Nikampa mdogo wake karatasi ya hukumu. Aliisoma yote, kisha akamgeukia kaka yake.

"Kumbe ni wewe uliuza mahari yangu?"

Nilibaki pale nikimtazama usoni mpaka nikashiba.

Bado askari. Naandika barua ya malalamiko juu yake kwa wakubwa wake: risiti, maelezo ya uongo, kofi. Niko ukurasa wa tatu. Mkono wangu ni mzito, lakini sina haraka, na yeye hajui.