Mshale Uliompenda Mama Véro

Ninyi mliokulia mtaa wa Makomeno pamoja nami, ambao sasa mna mvi na magoti yanayolalamika mkipanda ngazi, hebu semeni: mnaikumbuka baridi ya likizo ya mwezi wa saba? Asubuhi tulitoka nje na mablanketi mabegani, midomo imepasuka, miguu myeupe kwa vumbi, tunagombania kipande cha ukuta chenye jua. Chai na mampa, ile mikate yetu, halafu kwaheri, mpaka harufu ya sombe, majani ya mhogo, ituite. Hakuna aliyetutafuta. Mama alikuwa na neno moja tu la kutuaga: "Mucheze, lakini damu musiniletee ku nyumba." Na tulicheza, jamani! Kamba, mpira wa matambara, magari ya waya. Na mwaka ule, pinde.

Sijui nani alianza. Pinde ziliingia kwenye avenue yetu kama surua, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na mwisho wa juma kila mvulana alikuwa na wake. Msichana nilikuwa mimi peke yangu. Upinde wangu ulikuwa tawi la mpera na uzi wa gunia, mdogo, mwepesi, mishale yake haikufika mbali, lakini ilikwenda mahali nilipoituma. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kichuguu kirefu kuliko paa la jiko. Tulisimamisha gogo la mgomba mbele yake, juu ya gogo tukaweka papai bovu, na atakayeliangusha ndiye mkubwa wa siku. Mara nyingi mkubwa nilikuwa mimi. Wavulana walinuna, na mimi, nisiwadanganye, nilitamba mpaka Mama akaniambia nifunge mdomo nzi wasiingie.

Habari hizo zikafika Kabongo, kwa Nkambo, baba yake Baba. Hapo inabidi nieleze jambo. Mimi naitwa Ngoie, jina la bibi yake Nkambo, yaani mke wake, aliyefariki kabla sijazaliwa. Na kwetu mtoto akipewa jina la mtu, basi ndiye yeye mwenyewe amerudi. Nkambo aliniita "bibi yangu" mbele za watu, nami nilimwita "bwana yangu", nikimdai kitenge kila alipokuja. Sasa, huyo Ngoie wa kwanza ndiye aliyelinda mahindi yao dhidi ya nyani, na wazee walisema alikuwa akivuta upinde uliowatoa jasho wanaume. Nkambo aliposikia kwamba bibi yake ameanza tena kupiga mishale, furaha ilimpanda kichwani. Akaingia porini, akachagua mti, akachonga. Alisahau kitu kimoja tu: safari hii bibi yake alikuwa darasa la nne.

Upinde ulikuja na treni, mikononi mwa baba mdogo, umeviringishwa ndani ya mkeka. Ukisimamishwa, ulinizidi kimo! Mweusi, laini, unanukia moshi na mawese. Na mishale yake ya matete, minene, yenye vichwa butu vya mti vya kuangushia ndege. Nililala nao. Kweli, nililala nao kitandani, na dada yangu akahamia chini.

Asubuhi avenue nzima ilikuja kutazama. Nikavuta. Kamba ikafika kidevuni kwa shida, nikalenga papai, nikaachia. Mshale ukaenda kushoto, ukapita juu ya ua wa miti, na kwa jirani beseni likalia: ngwaa!

"We Ngoie! Mushale yako iko nanitafutia nini?"

Huyo alikuwa Mama Véro, jirani yetu, mwenye sauti ya kufika mpaka sokoni. Nikaomba radhi, nikavuta tena. Kushoto. Wa tatu ukatua kwenye mkeka wake wa mihogo iliyoanikwa. Nilibadili mguu, nikafumba jicho, nikafumbua, nikashusha kiwiko. Nikilenga papai, napata beseni. Nikasema basi, nitalenga kulia kwa papai. Mshale ukaangukia katikati ya papai na ua, na uliofuata, nilioupiga vilevile, ukaenda kwa Mama Véro kama kawaida. Wavulana walicheka hadi wakakaa chini. Mmoja akasema mishale yangu imeoa kwa Mama Véro, na jina likanishika: shemeji ya beseni.

Baba alikuwa fundi wa reli, mtu wa maneno machache. Jioni aliniita. "Ngoie, sikia. Muzee iko nakuya, atashinda hapa siku kidogo. Kama mushale moja tena inaingia kwa Mama Véro, akirudia Kabongo atarudia na upinde wake. Ikakae kule na bantu bakubwa."

Nililia hadi kwikwi. Mtaniona mjinga, lakini ule haukuwa mchezo kwangu. Bwana yangu ametembea porini kwa ajili yangu, na mimi nimrudishie zawadi mkononi? Bora nivunjwe mguu.

Basi nikahamia na kaka yangu Mwamba upande wa pili wa kichuguu, ambako kushoto palikuwa na ukuta mtupu. Siku nzima mishale iligonga ukuta. Mmoja ukapasuka nyuma kidogo ya kichwa. Mwamba hakupenda kitu kitupwe. Akachukua waya wa mukuba kutoka kwenye dinamo ya baiskeli iliyoungua, ile shaba nyembamba inayong'aa kama ukucha uliopakwa rangi, akauzungushia mshale, akaukaza kwa meno. "Jaribu," akasema. Nikavuta bila tumaini.

Mshale ukaenda kushoto, lakini kidogo tu! Ulipita karibu na gogo hivi, ungeweza kulipapasa.

Tulitazamana. Mwamba akaongeza waya. Mshale ukagusa gogo. Akaongeza tena, kwa uchu, na sasa ukaenda kulia, kuku wa Mama wakatawanyika wakitukana kwa lugha yao. Tulipiga kelele za furaha kama vichaa! Tukapunguza mizunguko, tukarudisha mmoja, tukapunguza, mpaka mshale ukashika katikati. Sasa ukawa mzito, unashuka kabla ya kufika. Hilo halikunitisha: nikajifunza kulenga hewa iliyo juu ya papai, kiasi cha kofia moja. Kisha tukaivalisha mishale mingine, kila mmoja na kipimo chake, maana tete moja halikufanana na lingine. Treni ya Kabongo ilichelewa, kama ilivyopenda, na kwa mara ya kwanza maishani tuliishukuru kwa moyo wote.

Nkambo akafika, vumbi tupu, kofia mkononi.

"Bibi yangu! Unanipikia nini?"

"Bwana yangu! Unaniletea kitenge gani?"

Akacheka, akala bukari, ugali wetu, na vinkubala, viwavi wa kukaushwa, akanawa, kisha akasema neno nililoliogopa. "Sasa bibi yangu anionyeshe."

Watu walijaa. Baba alisimama mikono kifuani. Mama Véro alikuwa mjanja, alihamishia kiti chake na beseni lake upande wa kulia, akasema huko mishale haimjui. Hapo nikaogopa, kwa sababu mzunguko mmoja wa waya ukizidi, mshale unakwenda kulekule alikokimbilia! Nikachukua mshale. Nkambo akaniomba kwanza auone. Akaugeuza, akapitisha kidole juu ya shaba. Uso wa Baba ulikunjamana: tumechezea kazi ya mzee.

"Nani alivalisha mishale yangu mikufu?"

"Miye, bwana yangu," nikasema. "Na Mwamba. Ilikuwa nakataa kwenda."

Akanirudishia. "Piga tuone."

Nikavuta hadi kidevuni. Nikalenga hewa iliyo juu ya papai. Nikaachia.

Papai liliruka! Nawaambia liliruka, likapasuka kwenye kichuguu, mbegu nyeusi zikamwagika kila mahali, na avenue nzima ikalipuka. Mama Véro alikuwa wa kwanza kucheza, kitenge chake kikaanguka, akacheza juu yake. Mwamba alinibeba mgongoni hadi barabarani na kurudi.

Nkambo alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Kisha akaulinganisha mkono wangu na mshale, akatikisa kichwa. "Kumbe bibi yangu alirudia na mikono mufupi! Na miye nilimutengenezea ya ile mikono yake ya zamani." Akanieleza polepole: upinde ule ulitaka kuvutwa mpaka sikioni. Ukivutwa nusu, unasukuma kwa nusu ya nguvu, na tete nene halikubali kujipinda kupita mti wa upinde, linasukumwa pembeni. Shaba ililazimisha kichwa kiwe kizito, tete likakubali. Halafu akachukua mshale mmoja, akaufungua waya wote. "Hii uiache vile. Siku mikono yako ya zamani itarudia, itaenda yenyewe."

Upinde haukurudi Kabongo. Nkambo alirudi, na mwaka uliofuata hakuja tena.

Nyumba ni ileile, kichuguu tumekipunguza ili kupata nafasi ya tangi la maji. Wajukuu wangu wanakuja likizo na kukaa ndani, wanaua ndege kwenye simu kwa kidole gumba, na ndege wenyewe hawana manyoya. Nikiwaambia watoke juani wananiuliza kama nje kuna umeme wa kuchajia. Tangu niwe mtu mzima upinde nimeupaka mawese kila kiangazi bila kuuvuta, na Jumapili iliyopita nikafunga kamba mpya. Nikasimamisha gogo na papai. Nikachukua mshale ule ulio uchi. Nikavuta, na kamba ikapita kidevu, ikaja yenyewe mpaka sikioni, ikatulia hapo. Nililenga papai lenyewe, si hewa. Likaanguka.

Nilibaki nimesimama, machozi yananitoka, nikisema, "Bwana yangu, imeenda yenyewe." Wajukuu, ambao kwao Nkambo sasa ni mimi, wakapiga kelele: "Nkambo, rudilia! Simu haikushika picha!"

Sikurudilia. Lakini yule mdogo wao wa kike, ambaye naye anaitwa Ngoie, alinitazama mimi, akautazama upinde, kisha akaniwekea simu yake mkononi. "Nishikie," akasema. Akavuta mpaka kidevuni, akaachia. Mshale ukaenda kushoto, ukaruka ukuta, na kwa jirani kitu kikalia: ngwaa!

Nikacheka mpaka nikashika ubavu. Kisha nikaenda kutafuta waya wa mukuba.