Chute ya Tonton Gaspard

Ukifika mu Mudzipela, ku avenue yetu, uliza mutu yeyote: Tonton Gaspard ni nani? Batakuambia: ule muzee wa velo, mwenye anauzisha mayi mu mabido ya plastiki ya jaune, na kinywa yake haifungiki. Zamani ukimupa salamu tu, anakuanzia chute ya kwao.

Kwao ni Djugu, ngambo ya Nizi. Vita iliwafukuza kule binti yake mukubwa, Vanessa, akiwa mu mugongo ya mama yake. Plamedie, mudogo yake, alizaliwa huku. Sasa kule kwao, mbele mutoto aanze masomo, baba yake anamupeleka ku chute, pale mayi inaanguka toka juu ya mawe. Anamusimamisha chini, anamunawisha kichwa, anaita jina yake kwa nguvu.

"Mayi nyeupe kama maziwa!" Tonton alikuwa anasema. "Inalia mpaka hamusikiani!"

"Tonton, tuma photo basi. Ao kule hakuna réseau ya téléphone?" siye bavijana wa avenue tunamuchekesha.

Vanessa, ulimi pilipili, anamaliza: "Papa anatudanganya."

Ile ilikuwa inamuchoma. "Miye sijadanganya mutoto hata siku moja!"

Mwaka huu Plamedie alikuwa anaanza masomo, anaingia première primaire. Kwenda Djugu, hapana, njia iko na bunduki. Lakini Tonton alijua chute ingine, mudogo, nyuma ya vilima karibu na muji. Aliionaka zamani. Siku ya samedi akachukua batoto wake wawili, na miye wa kubeba Plamedie kama miguu inachoka. Miguu ilichoka mbele tumalize Mudzipela.

"Tonton, ulisema promenade, kumbe ni service militaire?" nikamuuliza.

"Tembea, weye! Vidole yako tu njo inafanya sport, ku téléphone."

Tukapanda, tukashuka mu majani, batoto banateleza, banacheka. Ghafla Tonton akasimama, macho inang'aa: "Musikie! Iko inalia!"

Kweli, kitu ilikuwa inalia. Tukakimbia. Ilikuwa motopompe, mashine ya kuvuta mayi.

Mawe ya chute ilikuwa kavu. Kamayi kadogo tu kalikuwa kanashuka pale, kama mutoto anakojoa. Kule juu, bachimbaji ya zahabu balifunga mayi na mifuko ya muchanga, juu ya kusafisha udongo yao.

"Unaona?" Vanessa akasema.

Tonton akapanda kwa mukubwa yao, Fiston, kijana mwenye matope mpaka magoti.

"Mwanangu, munipe mayi kidogo."

"Muzee, mayi iko ku kazi."

"Ni juu ya mutoto. Siku ya lundi anaanza masomo."

Fiston akavua kofia. "Muzee, weye ni mutu wa Djugu?"

"Djugu kabisa."

"Hata miye, papa alininawisha hivyo." Akageukia benzake: "Mufungue! Ni ya mutoto wa masomo."

Tonton akashuka mbio, akamuvua Plamedie kanzu, akamusimamisha chini ya mawe. Mutoto akafunga macho, anatabasamu. Miye nikatoa téléphone.

Mayi ikakuja. Nyekundu, nzito, inanuka mazout ya ile mashine. Ikamwangukia mutoto ku kichwa. "Plamedie!" Tonton akaita, lakini sauti ikakatikia kati kati. Akamuvuta mbio. Katoto kalitoka pale kama tofali bichi. Hakuna mwenye alicheka. Nikarudisha téléphone mu mufuko.

Tonton akavua shemisi yake, akaanza kumupangusa masikio. Plamedie akafungua macho.

"Papa, hata weye balikunawisha na hii?"

Tonton akaangalia kule juu, pale Fiston alikuwa amesimama, kofia mu mukono. Akaangalia Vanessa. Vanessa akainama, akaanza kupangusa mudogo yake miguu.

"Ndiyo, maman. Ni hii hii."

Tukarudi. Vanessa alishika mukono ya baba yake njia yote.

Siku hizi ukimupa Tonton Gaspard salamu, anasimamisha velo, anakuuliza tu: "Mabido ngapi?"