Hewa Mbele ya Mkwe

Rafiki yangu, wewe siwezi kukuficha kitu. Keti nikuambie siku walinijaza hewa tumboni.

Miaka ya themanini ilikuwa inaisha. Nilikuwa natoa damu chooni, na tumbo inanikata. Daktari hapa Kisumu akataka nipigwe eksirei, tujue kama kuna uvimbe kwa matumbo. Uvimbe ndio ulimuua mama yangu, kwa hivyo niliomba Mungu kutoka nyumbani Mamboleo mpaka mlango wa hospitali.

Nilikuwa nimefunga kula, nimekunywa dawa ya kuharisha mpaka nikabaki mtupu. Nikalazwa kwa meza ya mashine na shuka tu. Mwenye kupiga picha akaingia. Kumbe ni ndugu ya mume wa binti yangu! Kwetu Wajaluo huyo pia ni mkwe, na hata kula mbele ya mkwe ni aibu. Yeye naye akageukia ukuta.

"Maro," akaniita, ndiyo mama mkwe, "kumbe ni nyinyi?"

"Ni mimi. Hakuna mwingine wa kupiga?"

"Ako likizo."

Nikaanza kutafuta nguo yangu nirudi nyumbani. Sista, mama mmoja mnene wa Sondu, akanishika mguu. "Mama, uvimbe haijui mkwe. Lala."

Ni yeye aliniweka mpira wa kupitisha dawa, huko nyuma. Mkwe alijificha nyuma ya kioo, akiongea na sista peke yake, kama mimi siko. Kwanza ikaingia dawa nyeupe kama uji, halafu sista akafinya kipira, hewa ikaingia: fyu, fyu.

"Dawa inapaka matumbo," akanieleza, "hewa inafungua mikunjo ndio tuone ndani. Ukiiachilia, inajikunja tena, hatuoni kitu."

Tumbo ikafura kama ya mimba. Nikasikia hewa inatafuta njia. Mbele ya mkwe! Nikabana, nikaita Yesu kimoyomoyo. Wakanigeuza kushoto, kulia, chali. Bado nimebana.

"Sista," sauti ikatoka nyuma ya kioo, "ambia maro picha ni safi sana. Wengi huwa wanaachilia."

"Hao wengi hawana mkwe hapa!" nikamjibu sista.

Mkwe akatoka, akafunga mlango kabisa. Ndipo sista akasema, "Sasa, mama. Achilia."

Picha ilionyesha uvimbe, mdogo kama maharagwe. Ukatolewa mapema, na mimi niko hapa, Bwana asifiwe.

Ukikuta mama anaona aibu na hiyo mashine, msimulie habari yangu, naye aambie mwingine. Mkwe ni nani, hiyo msiulize.