Ramani Ilipogeuka Nyeupe

Gari letu lilikuja na skrini kubwa iliyodai tulipie huduma yake ya mtandao ndipo itoe ramani na muziki. Hatukulipia. Mume wangu alizoea kutumia simu yake, alikohifadhi ramani ya mkoa mzima. Siku niliyokwenda Kinampanda kumchukua baba mkwe aje kliniki ya macho Singida mjini, mume wangu alikuwa safarini na simu yake. Kwenye yangu nilikuwa nimepakua nyimbo za kwaya tu, za kumfurahisha mzee. Ramani sikuikumbuka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Twende, tusichelewe."

Alikaa kiti cha nyuma, kikapu mapajani. Mbele kidogo tukakuta mvua imekata daraja, na watu wakatuonyesha njia ya kupita mashambani. Nilifuata kishale cha simu mpaka mtandao ukakatika. Ramani ikawa nyeupe. Kishale kilikuwa kinatembea bado, lakini hapakuwa na barabara chini yake, na kila njia panda alizeti zilifanana kulia na kushoto. Kwaya iliendelea kuimba kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Baba, hapa tushike ipi?"

Kimya. Nikazima muziki, nikauliza tena. Kwenye kioo nikamwona anatokwa jasho, mikono inatetemeka, midomo inasema maneno ya Kinyiramba yasiyoungana.

Nilisimamisha gari katikati ya njia. Nilijua ana sukari na anajichoma sindano kila asubuhi.

"Baba, umekula?"

"Daktari... mpaka apime," alisema kwa shida. Kumbe alijichoma dawa, kisha akafunga kula, akidhani kliniki ya macho nayo inataka tumbo tupu kama ile ya sukari.

Simu haikuwa na mtandao hata wa kupiga. Nilipekua kikapu chake: kanga, mahindi mabichi, na chupa ya asali aliyowabebea wajukuu. Miaka yote ya ndoa nilikuwa sijawahi kumgusa mzee yule hata bega. Nilimshika kidevu, nikamuuliza kama anaweza kumeza, akaitikia kwa kichwa. Nikamlambisha asali kwa kidole changu, kidogo kidogo, huku nikimsemesha ili asilale. Nilikuwa naogopa apaliwe, naogopa pia kuacha.

Jasho lilipungua polepole. Alinitazama, akatazama chupa.

"Mama, mbona unanilisha asali ya watoto?"

Nilicheka, machozi yakanitoka.

Mwanamke aliyekuwa akipalilia alikuja kuona kwa nini gari limeziba njia. Nilipomweleza, aliacha jembe, akapanda kiti cha mbele. "Ningekuelekeza kwa maneno ungepotea tena," alisema. Hakushuka mpaka tulipoiona lami. Akaomba mzee apewe chai, akarudi kwa miguu.

Tulikunywa chai kwenye mgahawa wa kwanza tuliouona, na mzee akala chapati mbili. Kliniki walimpokea ingawa tulichelewa, wakampima sukari kabla ya macho. Jioni nilimsikia akimwambia mwanawe kwa simu, "Mkeo ni mwanangu sasa, usinibishie."

Nimeshapakua ramani. Hata hivyo, nikimbeba mzee siku hizi namketisha mbele, na kila akinyamaza namuuliza jambo, lolote.